Aliyeanguka Tokyo Akarudi Paris: Neno kwa Vijana na Wazazi wa Mpakani

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Polisi na Jamii mbele ya wanafunzi, wazazi na waendesha baiskeli wa pande zote mbili za mpaka



Nilitakiwa leo kuzungumza juu ya usalama wa baiskeli barabarani. Hotuba hiyo nimekwisha kuitoa mara nyingi, na wapo miongoni mwenu wanaoweza kuitoa badala yangu bila kukosea neno: taa ya mbele, kiakisi chekundu cha nyuma, breki zinazoshika, mzigo usiomzuia mwendeshaji kugeuza usukani. Hayo yote yanabaki kuwa kweli. Hata hivyo nimeiacha karatasi hiyo mezani, kwa sababu nina deni la kulipa kwanza.

Wengi wenu mlikuwapo uwanjani siku ya mashindano yetu ya baiskeli ya vijana. Mliona jinsi mbio za wasichana zilivyokwenda. Binti mmoja alitangulia tangu mzunguko wa kwanza, tena kwa baiskeli ya baba yake iliyo kubwa kuliko kimo chake. Katika kona ya mwisho, pale penye mchanga karibu na mwembe, gurudumu la mbele likateleza. Akaanguka kwa bega na kichwa. Wenzake wakampita mmoja baada ya mwingine, naye alipoinuka alikuwa wa mwisho. Uwanja mzima ukacheka.

Ndugu zangu, kicheko kile hakikuanza chenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti. Nilitamka neno la mzaha ambalo sitalirudia hapa, nikafurahi kusikia watu wakicheka, kwa kuwa kazi yangu ni kuwachangamsha watu. Binti yule hakulia. Aliiacha baiskeli palepale, akavuka barabara, akaenda nyumbani kwa miguu. Tangu siku ile ameambia kila mtu kwamba hatapanda baiskeli tena. Hakuna mtu yeyote miongoni mwetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyemfuata kumwuliza kama kichwa kinamuuma. Mwuguzi wa zahanati alimwona kesho yake, baada ya mama yake kumpeleka. Tunamshukuru Mungu kwamba hakupata ila michubuko na uvimbe wa bega. Nimekwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Leo naomba radhi mbele yenu, kwa sababu mzaha nilioufanya niliufanya mbele yenu.

Sasa nataka kuwasimulia habari za msichana mwingine aliyeanguka mbele ya dunia nzima.

Sisi watu wa mpaka huu hatuna haja ya kufundishwa thamani ya baiskeli. Lile neno bodaboda ambalo leo limeenea Afrika Mashariki yote, na ambalo vijana wa mijini hudhani lilizaliwa pamoja na pikipiki, lilizaliwa huku kwetu. Wazee wa Busia wanakumbuka vijana wa miaka ya 1960 waliowabeba abiria kwa baiskeli katika ile nafasi iliyo kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya, wakiita wateja kwa jina la Kiingereza la mpaka, boda, boda. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya baiskeli hapa, nazungumza na wenyewe.

Lakini baiskeli ninayotaka kuisimulia ni ya namna nyingine. Inaitwa BMX. Ni ndogo, magurudumu yake yana kipenyo cha inchi 20, haina gia za kubadilisha, na breki yake ni moja tu, ya nyuma. Mchezo wake uliasisiwa na watoto wa California, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walioona watu wazima wakishindana kwa pikipiki juu ya matuta ya udongo wakaamua kufanya vivyo hivyo kwa baiskeli zao. Mwaka 2008 mchezo huo uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki, mjini Beijing, wanaume na wanawake pamoja. Washindani 8 hujipanga juu ya jukwaa lenye mteremko mkali, kimo chake kama mita 8 kwa wale wa daraja la juu, yaani kama nyumba ya ghorofa mbili. Geti lililo mbele ya magurudumu yao likianguka, wote hushuka kwa pamoja. Huruka matuta hewani, huingia kona bega kwa bega, na chini ya dakika moja mambo yamekwisha. Anayekosea hapati nafasi ya kusahihisha. Anayekosewa na mwenzake hana nafasi pia, wala hapana refa wa kumrudisha nyuma aanze upya.

Katika mchezo huo yupo msichana wa Australia aitwaye Saya Sakakibara. Alizaliwa mwaka 1999, mama yake Mjapani, baba yake Mwingereza. Alikuwa mtoto mdogo sana alipoanza kupanda baiskeli hizo, na sababu yake ilikuwa ile ile inayowafanya wadogo wengi wafanye wafanyayo: kaka yake alikuwa akipanda. Kaka huyo ni Kai. Wakakua wote wawili katika mchezo mmoja, wakasafiri pamoja, wakawekewa matumaini ya kwenda pamoja kwenye Olimpiki ya Tokyo, katika nchi ya mama yao. Wazazi mlio hapa mnaweza kuwaza furaha ya nyumba ile.

Mwezi Februari 2020, miezi michache tu kabla ya tarehe iliyokuwa imepangwa kwa michezo hiyo, Kai alianguka vibaya katika mashindano ya Kombe la Dunia huko Bathurst, nchini kwao. Aliumia ubongo. Alilala bila kujitambua kwa muda wa majuma mengi, na alipoamka ilimlazimu ajifunze upya kutembea na kusema. Kijana aliyekuwa akiruka matuta kama ndege akawa anafundishwa namna ya kuinua mguu.

Michezo ya Tokyo iliahirishwa mwaka mmoja kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Ilipofanyika mwaka 2021, Saya alikwenda bila kaka yake, akiwa amevaa namba 77, ambayo ilikuwa namba ya Kai. Alifika nusu fainali akiwa miongoni mwa walio bora, na hadi mbio ya tatu ya hatua hiyo fainali ilikuwa mbele yake. Ndipo katika mbio hiyo alipogusana na Alise Willoughby wa Marekani, wakaanguka. Saya aliondolewa uwanjani akiwa amelazwa kwenye machela.

Nawaomba msimame kidogo hapo. Mimi ni baba. Nimejaribu kujiweka mahali pa wazazi wale, ambao mtoto wao mmoja alikuwa bado anajifunza kuzungumza, na sasa wanamwona wa pili akichukuliwa kwa machela. Huenda mzazi yeyote angesema: basi, imetosha, baiskeli isionekane tena katika nyumba hii. Wala nisingemlaumu.

Na huyo Alise Willoughby aliyeanguka naye, msidhani kuwa yeye ni adui katika hadithi hii. Mume wake, Sam, alikuwa bingwa wa mchezo huohuo, mshindi wa medali ya fedha mwaka 2012 huko London. Mwaka 2016, muda mfupi baada ya Olimpiki ya Rio, alianguka mazoezini, akapooza. Tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu, na ndiye amekuwa mwalimu wa mke wake. Siku ileile ya Tokyo, bingwa wa wanaume wa mwaka 2016, Mmarekani Connor Fields, alianguka katika nusu fainali akavuja damu kwenye ubongo, akapelekwa hospitali kwa ambulansi. Nawatajia haya ili mjue kwamba wanaoshindana katika mchezo huu wanavaa kofia za kinga zinazofunika uso mzima, wana madaktari kando ya njia, na bado kichwa ni kichwa. Sisi huku kofia hizo hatuna, na barabara zetu zina malori.

Saya alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo. Baadaye aliumia tena kichwa. Amesema hadharani, bila kuona haya, kwamba alifika mahali pa kufikiri kuacha kabisa mchezo huo. Sehemu hii ya habari zake ndiyo inayonivuta zaidi kuliko medali, na magazeti huipita haraka kwa sababu haina picha nzuri. Msichana hodari alikaa na hofu yake. Alipumzika. Hakurudi kwenye geti siku kichwa kilipokuwa bado kinazunguka ili watu wamwone shujaa. Wazee wetu husema kuteleza si kuanguka, na msemo huo ni mzuri kwa aliyeteleza; huyu alianguka, tena zaidi ya mara moja, na aliyeanguka anahitaji muda ambao aliyeteleza hauhitaji.

Aliporudi, alirudi kwa hatua. Mwaka 2023 alimaliza akiwa mshindi wa jumla wa Kombe la Dunia kwa wanawake. Mwaka 2024 akashinda tena. Kisha ikafika Olimpiki ya Paris. Fainali ya wanawake ilifanyika usiku wa tarehe 2 Agosti 2024, katika uwanja wa Saint-Quentin-en-Yvelines, nje kidogo ya jiji. Geti lilipoanguka Saya alitangulia, akaingia kona ya kwanza akiwa mbele, wala hapakuwa na aliyemfikia. Zilipita chini ya sekunde 35 tangu geti hadi mstari wa mwisho. Akawa Mwaustralia wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika mbio za BMX. Baada ya kuvuka mstari alikwenda moja kwa moja kwenye jukwaa la watazamaji, akamkumbatia kaka yake. Kai alikuwa amesafiri kuja kumwona, amesimama kwa miguu yake.

Kama ningekuwa mtungaji wa hadithi ningeishia hapo. Lakini mimi ni polisi, na polisi hufundishwa kuuliza ni nani wengine waliokuwapo mahali pa tukio. Katika fainali ileile kulikuwa na wasichana 8. Mmoja wao alimaliza wa nane.

Jina lake ni Beth Shriever, Mwingereza, naye pia alizaliwa mwaka 1999. Habari zake zingefaa hotuba nyingine nzima. Baada ya mwaka 2016 wakubwa wa michezo nchini mwake waliamua kuwa wasichana wa BMX hawatapewa fedha za maandalizi. Wavulana ndio waliobakiwa nazo. Huyu binti akafanya kazi ya usaidizi wa mwalimu kwa watoto wadogo, na wazazi wake wakamsaidia kwa walichokuwa nacho. Ili aweze kusafiri kwenda kutafuta nafasi ya Olimpiki, aliomba michango kwa watu wa kawaida. Huku kwetu tungeiita harambee, na majirani zetu wa upande wa Kenya hawahitaji kuelezwa maana yake. Akafika Tokyo, akachukua dhahabu, akimshinda Mariana Pajón wa Kolombia, bingwa wa Olimpiki mbili zilizotangulia, kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo siku Saya alipobebwa kwa machela, Beth ndiye aliyevikwa medali.

Miaka mitatu baadaye mambo yakageuka. Beth alivunjika mfupa wa mtulinga katika majira ya kuelekea Paris, akapona kwa haraka, akafika akashinda mbio zake zote za mchujo na za nusu fainali. Kila mtu alimhesabia dhahabu. Katika fainali alichelewa kutoka kwenye geti, na kwenye mchezo huu aliyechelewa mwanzoni hukuta njia imezibwa na migongo ya wenzake. Wa nane kati ya wanane. Nilipoona picha zake baada ya mbio ile nilimkumbuka binti wetu wa kona ya mwembe. Tofauti ni kwamba kule Ufaransa sikusikia mtu akitangaza mzaha kwenye kipaza sauti.

Mwaka uliofuata, Agosti 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Copenhagen, nchini Denmark. Beth Shriever alishinda, akawa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu.

Sasa niseme kwa nini polisi wa mpakani anawasumbua kwa habari za watu wa Australia na Uingereza.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa askari mgeni kazini, nilipangwa katika mpaka mwingine ambao sitautaja. Usiku mmoja tulikuwa doria kwenye njia ya panya. Akapita kijana kwa baiskeli, bila taa, amefunga madumu mawili nyuma. Sikumwamuru asimame kama nilivyofundishwa. Nilijificha nyuma ya kichaka, na alipokaribia nikamwashia tochi machoni, nikaruka njiani. Alikata kona ghafla, akaingia mtaroni. Nilisikia kichwa chake kikigonga jiwe. Akainuka, akakimbia gizani. Sisi tukachukua baiskeli na madumu, tukaandika kitabuni, na asubuhi mkubwa wetu akatupongeza.

Siku ya nne mama mmoja alikuja kituoni. Hakuja kushtaki. Alikuja kuuliza kama baiskeli ile inaweza kurudishwa, hata kwa faini, kwa sababu alitaka kuiuza apate nauli na fedha za hospitali. Mwanawe alikuwa ametapika siku mbili, kisha akawa analala tu, akiamshwa haelewi. Walimficha chumba cha nyuma. Waliogopa kwamba wakimpeleka hospitali, hospitali itawaita polisi, na polisi watamfunga. Kijana huyo hakufa. Lakini hakurudi shuleni, na usemi wake umebaki mzito mpaka leo. Tunafahamiana. Nikipita mji ule tunasalimiana, naye hunisalimu kwa heshima kuliko ninavyostahili.

Ninapoisoma habari ya Kai, aliyeanguka mbele ya madaktari na kubebwa saa ileile, namfikiria kijana huyo aliyelala siku nne katika chumba cha giza. Siwezi kusema matibabu ya mapema yangemponya kabisa. Daktari pekee ndiye awezaye kusema hivyo, tena si kila mara. Ninachojua ni kwamba zile siku nne hazikuletwa na jiwe. Zilitokana na hofu ya watu kwetu sisi, na mimi nilikuwa na fungu langu katika kuijenga hofu hiyo.

Kwa hiyo nina maneno ambayo mkuu wa kituo ameniruhusu kuyasema hadharani, na yameandikwa kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni. Mtu aliyeanguka na kuumia, awe na mzigo wa halali au wa magendo, awe wa upande huu au wa ng'ambo, apelekwe hospitali kwanza. Ukipita mbele ya kituo ukiwa na majeruhi, hutazuiwa ili uandike maelezo. Ukihitaji gari letu na likiwapo, litatoka. Sisemi kwamba magendo yamesamehewa. Mzigo utaulizwa, mwenye mzigo atatafutwa, na hasa yule mtu mzima anayewatuma watoto usiku kubeba mali yake wakati yeye amelala. Huyo tunamtaka sana, na wengi wenu mnamjua. Lakini maswali hayo yote yanaweza kungoja. Ubongo unaovuja damu haungoji.

Nimemwomba mwuguzi anieleze dalili za hatari, nami nawapa kama alivyonipa. Mtu aliyegonga kichwa akitapika mara kwa mara, akiumwa kichwa kinachozidi, akisinzia isivyo kawaida au kuwa mgumu kuamka, akichanganyikiwa maneno, akipata degedege, akilegea mkono au mguu, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji au damu ikitoka masikioni au puani, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Dalili nyingine huchelewa, zikaja baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, kwa hiyo asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Na hata asipokuwa na dalili hizo kali, lakini kichwa kinamuuma na taa inamsumbua, asipande baiskeli, asicheze mpira, asibebe mzigo mpaka atakapokuwa sawa kabisa na mganga amemruhusu. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ni la hatari zaidi. Makocha wa shule, hili nawaambia ninyi kwa namna ya pekee, kwa maana najua mnavyopenda kushinda.

Nina neno pia kwa wazee wangu. Baada ya mashindano nilisikia baadhi yenu mkisema kwamba kuanguka kwa binti yule kumeonyesha kuwa baiskeli si ya wanawake. Kwa heshima zote, wazee wangu, katika mbio za wavulana siku ileile walianguka wanne, na mmoja alivunja uzio wa mwalimu mkuu. Sikusikia mtu akisema baiskeli si ya wanaume. Akina mama wa soko letu husafirisha ndizi na mkaa kwa baiskeli tangu kabla jua halijachomoza, wala hakuna aliyekwenda kuwaambia kuwa hawawezi. Na mwezi Septemba 2025 mliona kwenye televisheni jinsi mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalivyokuja Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu, na wanawake wakipanda vilima vya Rwanda ambavyo mimi kwa gari hupanda kwa gia ya kwanza. Kigali si mbali. Ni safari ya basi.

Nanyi wasichana. Najua kati yenu wapo waliofeli mtihani wa mwisho wa msingi, na wapo walioacha shule wakaanza kutumwa kwenye njia za panya kwa sababu waliambiwa wamekwisha kushindwa, basi angalau walete fedha. Sitawadanganya kwamba kila anayerudi hushinda. Katika ile fainali ya Paris walirudi wengi, na dhahabu ilikuwa moja. Alise Willoughby naye alikuwapo, na hakupata medali. Lakini alikuwapo, juu ya geti, miaka mitatu baada ya Tokyo, akiwa na umri wa miaka 33. Kwa mwanamke wa umri huo huku kwetu wengi wangesema akae nyumbani.

Mashindano yetu yatarudiwa shule zitakapofunguliwa. Safari hii tutaondoa mchanga ile kona ya mwembe, jambo ambalo lilipaswa kufanywa tangu mwanzo. Waendesha bodaboda wa stendi wamekubali kuazima kofia zao za pikipiki kwa siku hiyo. Ni kubwa kidogo kwa watoto, na mafundi wetu wawili wataona namna ya kurekebisha mikanda ili zikae vizuri. Asiye na kofia hatashindana. Mwuguzi atakaa kando ya njia, si chini ya hema la wageni. Kipaza sauti atapewa mwalimu wa michezo. Mimi nitashika bendera.

Mwisho kabisa, nazungumza na binti yule, kama yupo hapa, na kama hayupo basi wazazi wake wamfikishie. Baiskeli uliyoiacha uwanjani iko kituoni, kwenye veranda, upande wa kivuli. Fundi ameunyosha usukani na kubadilisha pedali moja iliyokuwa imevunjika. Kiti tumekishusha kidogo, maana tuliona ulivyokuwa ukihangaika kufikia chini. Kama baba atapenda kirudishwe juu, ni nati moja tu. Njoo siku yoyote, asubuhi au jioni, peke yako au na mama. Hakuna faini, na hakuna karatasi ya kusaini.